DAFRAO: MATUMIZI YAKE KATIKA MASHUA NDOGO YA TANGA NA FUNZO LAKE KWA MWANAFUNZI WA KISWAHILI

Ikisiri

Makala hii inaeleza kifaa kidogo cha ubaharia kiitwacho dafrao: maana yake, namna kinavyofanya kazi, na kanuni za kukitumia katika mashua ndogo ya tanga. Mifano imetolewa katika Ziwa Naivasha, lililo katika Kaunti ya Nakuru, na kulinganishwa na hali ya bandari za pwani. Makala inashikilia kwamba msamiati wa ubaharia haupaswi kuachwa ukae kamusini kama masalio ya kale. Ni msamiati wa kazi, na mtu asiyeijua kazi yenyewe hataufahamu vyema hata anapoukuta katika ushairi na methali.

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa Kiswahili anayeishi katika mitaa ya Nakuru, tuseme Section 58 au Bondeni, hukutana na bahari kwanza katika vitabu. Hufunzwa kwamba Kiswahili kilikulia mwambao, kwamba ushairi wake umejaa vyombo, pepo na nanga, na kwamba methali zake nyingi zilitungwa na watu waliosafiri majini. Huikariri methali isemayo "Enda tezi na omo, marejeo ni ngamani", akaandika maana yake katika mtihani na kupata alama. Lakini mwombe akuonyeshe tezi iko wapi katika chombo, na omo ni upande upi, na ngama hufanya kazi gani, nawe utaona kimya kinavyotanda.

Kimya hicho hakitokani na ukosefu wa maji. Bonde la Ufa la kati lina maziwa yake. Ziwa Nakuru, lililo jirani kabisa na mji, lina maji ya magadi na limo ndani ya hifadhi ya taifa, hivyo si mahali pa kusafiria kwa mashua. Kaskazini liko Ziwa Baringo, ambako wavuvi wa jamii ya Ilchamus wametumia kwa vizazi vyombo vidogo vilivyoundwa kwa miti myepesi inayoota kandokando ya maji. Kusini-mashariki, takriban kilomita 70 kwa barabara, liko Ziwa Naivasha. Ziwa hili lina maji baridi na liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia mwaka 1937 hadi mwaka 1950 lilikuwa kituo cha ndege zilizotua majini zikiunganisha Uingereza na kusini mwa Afrika. Leo boti nyingi za Naivasha huendeshwa kwa injini, zikibeba watalii na wavuvi kutoka madiko kama Karagita na Kamere, ila tanga nalo si geni: ipo klabu ya mashua za tanga iitwayo Naivasha Yacht Club.

Katika mazingira haya, kifaa tunachokizungumzia huitwa "fenda". Neno hilo limekopwa na linaeleweka. Hata hivyo, Kiswahili kilikuwa na jina la kifaa hiki kabla ya injini ya kwanza kufika ziwani. Jina hilo ni dafrao.

2.0 Dafrao ni nini?

Dafrao ni kitu chochote laini au chenye kunepa kinachowekwa baina ya ubavu wa chombo na kitu kingine kigumu, kama vile gati, ukuta, nguzo au chombo cha pili, ili kuzuia chombo kisigongwe wala kukwaruzwa. Ni nomino ya ngeli ya I-ZI: dafrao hii imechakaa, dafrao hizi zimechakaa.

Ni muhimu kuitofautisha dafrao na boya, kwa sababu dafrao za kisasa hujazwa hewa na huelea kama maboya, na watu wengi huziita hivyo. Boya ni kielezi: huelea mahali pamoja likionyesha njia, mwamba, wavu au nanga ilipo, au hutumiwa kumwokoa aliyeanguka majini. Dafrao ni kinga: huning'inia ubavuni na kazi yake ni kubanwa. Tofauti hii ina uzito. Nahodha anayemwambia msaidizi wake "tupa boya!" wakati mtu ameanguka majini hahitaji msaidizi aanze kujiuliza ni kifaa kipi kinachotakiwa.

Umbo la dafrao limebadilika kadiri vifaa vilivyobadilika. Mabaharia wa zamani walitumia kamba kuukuu zilizosokotwa pamoja, au magunia yaliyoshindiliwa usumba na makumbi ya nazi. Baadaye yakaja matairi ya magari. Siku hizi madukani zipo dafrao za plastiki nene zilizojazwa hewa, zenye umbo la mche duara au la tufe, zikiwa na tundu la kupitishia kamba.

3.0 Dafrao hufanyaje kazi?

Wengi hudhani kwamba dafrao inafanya kazi kwa sababu ni laini. Kauli hiyo ni kweli nusu. Dafrao inafanya kazi kwa sababu inaupa mgongano nafasi ya kumalizika polepole.

Tuchukue mfano. Mashua ya urefu wa mita 6, pamoja na abiria wake wachache, ina uzito wa kilo 500. Inasogea kwenye gati kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Ikigonga mbao za gati moja kwa moja, na mbao zikanepa nusu sentimita tu, nguvu ya wastani ya pigo hilo itakuwa sawa na uzito wa takriban tani 5. Ikigongea dafrao inayobonyea sentimita 5, umbali wa kusimama umezidishwa mara kumi, na nguvu inapungua mara kumi, ikawa sawa na uzito wa takriban kilo 500. Mashua ni ileile na mwendo ni uleule. Kilichobadilika ni zile sentimita tano.

Kuna jambo la pili ambalo ni zito zaidi. Kasi ikiongezwa maradufu, nishati ya pigo huongezeka mara nne. Mashua ile ikija kwa mita 2 kwa sekunde, dafrao inabanwa hadi mwisho, na kilichobaki cha pigo kinaingia katika mbao. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ya kutumia dafrao ni hii: dafrao si breki. Mwendo hupunguzwa kwa tanga, kwa usukani na kwa upepo; dafrao hupokea kile kidogo kinachobaki.

Tena, mkono si dafrao, wala mguu. Uzito uliotajwa hapo juu ukimkuta mtu ametanguliza kiganja baina ya ubavu na nguzo, mifupa haina sentimita tano za kubonyea. Abiria asiye na uzoefu huwa na silika ya kunyoosha mkono ili "asaidie". Ni wajibu wa nahodha kumwambia mapema, kabla gati halijakaribia, kwamba akae kitako na mikono iwe ndani.

4.0 Kanuni za matumizi

4.1 Ukubwa na idadi

Kipimo kinachotumiwa na wengi kwa dafrao za mche duara ni kipenyo cha sentimita 2.5 kwa kila mita 1.2 hadi 1.5 za urefu wa mashua. Mashua ya mita 6 itahitaji basi dafrao zenye kipenyo cha sentimita 10 hadi 13. Mahali penye mawimbi, mtu achague kubwa kuliko kipimo. Kuhusu idadi, tatu ndicho kiwango cha chini kwa mashua ndogo: mbili za kufungwa ubavuni na moja ya akiba, inayoshikwa mkononi kwa kamba yake na kupelekwa popote ambapo hatari inajitokeza.

4.2 Mahali pa kufunga

Ubavu wa mashua haukunyooka; umejipinda kama upinde. Sehemu pana zaidi, ambayo kwa kawaida iko karibu na katikati, ndiyo itakayogusa gati kwanza. Dafrao mbili zifungwe moja mbele kidogo na nyingine nyuma kidogo ya sehemu hiyo. Kosa la kawaida ni kuzifunga kwenye omo na kwenye tezi kabisa kwa kuwa huko ndiko kuliko na mahali rahisi pa kufungia. Dafrao za namna hiyo huning'inia hewani bila kugusa chochote huku tumbo la mashua likisagwa na ukuta.

4.3 Kimo cha kuning'iniza

Kimo hutegemea kitu kinachokabiliwa. Gati likiwa la chini au la kuelea, dafrao ishushwe mpaka ncha yake ya chini ikaribie maji bila kuzama. Ikiwa juu zaidi, mashua ikibanwa itairusha juu ya gati na kubaki bila kinga. Ukuta ukiwa mrefu, dafrao ifike karibu na ukingo wa juu wa mashua. Panapokuwa na chombo cha pili, izingatiwe mahali ambapo mbavu mbili zitakutana, na mara nyingi hapo ni juu.

Hapa ndipo pwani na ziwa vinapotofautiana. Katika bandari za Mombasa na Lamu, maji wakati wa bamvua hupanda na kushuka zaidi ya mita 3 katika muda wa saa sita hivi. Dafrao iliyokaa vyema wakati wa maji kujaa yaweza kuwa haina kazi maji yanapokupwa. Ziwa Naivasha halina kupwa na kujaa kwa namna hiyo, lakini lina mabadiliko yake ya miaka. Kina cha maziwa ya Bonde la Ufa kilipanda sana katika kipindi cha kuanzia mwaka 2010, na mafuriko ya mwaka 2020 yaliwahamisha wakazi wa mtaa wa Kihoto, mjini Naivasha. Magati yalifunikwa, nyua zikazama, na migunga iliyokuwa nchi kavu ikafia majini ikiwa imesimama. Nahodha aliyezoea gati la kimo fulani analazimika kukisoma kimo upya. Aidha, ajue kwamba kisiki kilicho chini ya maji hakizuiliwi na dafrao. Hicho huzuiliwa na macho na mwendo wa taratibu.

4.4 Namna ya kufunga

Kamba ya dafrao ifungwe mahali imara: kwenye chuma cha kufungia kamba, kwenye ubao wa kukalia, au chini kabisa ya nguzo ya ukingo. Isifungwe juu ya nguzo hiyo wala kwenye kamba ya kushikilia, kwani dafrao ikivutwa hukipinda kitu kilichoishika, na tena huyumbayumba kama pendulamu. Fundo linalofaa ni lile linalofungika na kufunguka upesi: zungusha kamba mara mbili, kisha ukaze kwa mafundo mawili ya nusu. Mzunguko pekee bila mafundo ya kukazia hurahisisha kurekebisha kimo, lakini mawimbi ya usiku kucha huulegeza, na asubuhi dafrao hukutwa imejichukulia safari yake.

Gati likiwa na nguzo zilizosimama wima badala ya ukuta, dafrao iliyoning'inizwa wima hubingirika pembeni ya nguzo na kuiacha igonge ubavu. Dawa yake ni kuilaza dafrao mlalo, au kuning'iniza dafrao mbili na kufunga ubao mrefu kwa nje yake, ili ubao uigonge nguzo na dafrao ziupokee ubao.

Dafrao haiwezi kutenda kazi bila kamba za gati. Mashua ifungwe kamba ya omo na kamba ya tezi, kisha ziongezwe kamba mbili za mshazari: moja kutoka mbele ya mashua kwenda nyuma kwenye gati, nyingine kutoka nyuma kwenda mbele. Kamba hizi za mshazari huizuia mashua isiende mbele na nyuma, na hivyo dafrao hubaki mahali zilipowekwa.

4.5 Kulikaribia gati kwa tanga

Mashua ya injini inaweza kurudishwa nyuma. Mashua ya tanga haina rehema hiyo, hivyo maandalizi yake hufanywa mapema. Kabla ya kukaribia, nahodha aamue ni ubavu upi utakaolala gatini, autazame upepo, na dafrao zifungwe na kushushwa wakati bado pana nafasi. Kuhangaika na kamba wakati gati liko mita mbili ni kuchelewa.

Njia salama ni kuja ukiuelekea upepo, tanga likilegezwa polepole mpaka lipepee bila kushika, ili mashua ipoteze mwendo ikifika. Naivasha asubuhi mara nyingi huwa shwari na alasiri upepo huamka, tena kwa nguvu. Anayerudi alasiri na kukuta upepo unaisukuma mashua kwenye gati, upande wa demani, ajue kwamba hata akifunga salama mawimbi yataendelea kuipigiza mashua. Hapo dafrao zote za akiba zihamishiwe upande huo, au mashua ihamishiwe upande wa pili wa gati, ambako upepo utaivuta mbali badala ya kuibamiza.

4.6 Ubavu kwa ubavu

Mahali palipo na msongamano, kama mbele ya gati la Lamu, vyombo hulazimika kulala ubavu kwa ubavu. Dafrao ziwekwe baina ya kila jozi, wala mtu asitegemee za jirani. Mashua za tanga zina hatari ya ziada: zikiyumba kwa wimbi, milingoti yake hugongana juu hata kama mbavu zimekingwa chini. Kwa hiyo zipangwe ili mlingoti mmoja uwe mbele kidogo au nyuma kidogo ya mwingine.

Ngalawa haimo katika mjadala huu. Matengo yake yaliyotandazwa pande zote mbili huizuia isilale ubavuni mwa kitu chochote. Chombo hicho kimeundwa kwa ajili ya ufuo wa mchanga, na huo ni ukumbusho kwamba kila chombo kina desturi yake ya kutua.

4.7 Baada ya kung'oa safari

Mashua ikishaondoka gatini, dafrao zipandishwe na kuwekwa ndani. Si suala la urembo tu. Mashua ya tanga hulala upande mmoja upepo unapoishika, na dafrao iliyoachwa ubavuni huburutwa majini, hupunguza mwendo, hunasa magugu-maji na mafunjo, na hatimaye kamba yake hukatika.

5.0 Vifaa vilivyopo na utunzaji wake

Asiye na uwezo wa kununua dafrao za dukani hana sababu ya kukosa kinga. Tairi kuukuu la pikipiki au la gari dogo linafaa, kwa masharti matatu: livishwe gunia au kitambaa kizito ili lisiache alama nyeusi ubavuni, litobolewe chini ili lisihifadhi maji na kuwa zito, na likaguliwe kuhakikisha nyaya za ndani hazijachomoza. Kamba kuukuu zilizosukwa pamoja nazo ni kinga nzuri, ila hunyonya maji na huhitaji kuanikwa. Jerikeni tupu halifai kutegemewa, kwa kuwa plastiki yake ni nyembamba na ikibanwa sana hupasuka.

Dafrao ya hewa ijazwe kiasi cha kubonyea kidogo ikikandamizwa kwa kidole gumba. Iliyojaa kupita kiasi huidundisha mashua, na jua la adhuhuri huizidishia ugumu. Muhimu zaidi, ioshwe. Chembe za mchanga zilizonasa baina ya dafrao na ubavu hugeuka msasa, na kila wimbi huusugua ubavu kwa msasa huo. Bandubandu huisha gogo: rangi hutangulia, kisha mbao, kisha kalafati, na mwisho maji yanaingia.

6.0 Dafrao na mwanafunzi wa fasihi

Msomaji anaweza kuuliza: haya yote yanamhusu nini mwanafunzi wa fasihi? Yanamhusu kwa njia mbili.

Kwanza, taswira za fasihi ya Kiswahili zimejengwa juu ya kazi. Tangu enzi za Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa karne ya 19, chombo kimetumiwa kusawiri nafsi, jamii na utawala. Mhakiki asiyejua kwamba joshi ni upande unakotoka upepo na demani ni upande unakoelekea, ataandika kwamba mshairi "anatumia taswira ya bahari" na kuishia hapo. Mwenye kuijua kazi ataona zaidi: ataona chombo kiko katika hatari gani, nani amekosea, na ni lipi lingefanywa. Uhakiki wa taswira huanza na maarifa ya kitu chenyewe.

Pili, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na kuwa lugha ya taifa. Hadhi hiyo haina maana kubwa ikiwa kijana anayebeba abiria katika Ziwa Naivasha hawezi kufunzwa usalama wa chombo chake kwa lugha hiyo, kwa maneno kamili yasiyotatiza. Kazi ya kuyatafuta maneno hayo, kuyapima na kuyaeleza ni yetu. Si lazima kulifukuza neno "fenda" diko la Karagita. Wanaolitumia wanaelewana, na lugha hukua kwa kukopa. Lakini anayeandika mwongozo wa mafunzo ana hiari ya kuandika "dafrao, yaani fenda", na kwa maneno hayo matatu akaliunganisha ziwa na mwambao.

7.0 Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba dafrao hufaa ikiwa ni ya ukubwa unaostahili, imefungwa sehemu pana ya mashua, kwa kimo kinacholingana na gati, kwa fundo imara, na kabla ya hatari kufika. Imeonyesha pia kwamba dafrao haichukui nafasi ya mwendo wa taratibu, wala mkono wa mtu hauchukui nafasi ya dafrao. Kwa upande wa lugha, makala inapendekeza kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vitoke darasani na kukusanya istilahi za kazi kutoka kwa watendaji wenyewe, pwani na maziwani: wavuvi, maseremala wa vyombo na manahodha. Orodha ya maneno 50 yaliyothibitishwa kazini, yakiwa na maelezo ya namna kila kitu kinavyotumika, ingemfaa mwalimu wa fasihi Nakuru na mwendesha boti wa Kamere kwa pamoja. Wanafunzi wenzangu wa Bonde la Ufa tusingoje watu wa mwambao waje kuifanya kazi hii kwa niaba yetu. Maji tunayo karibu.